Mtoto anacheza rede hadi jioni, kweli bado achomwe sindano kila wiki nne?

MamaZuu_Ifakara
Habari zenu jamani. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la saba. Mwaka jana alishikwa na homa, goti likavimba. Lilipotulia likaanza la pili, kisha kiwiko. Nikajua ameanguka kwenye mwembe. Hospitali wakamsikiliza moyo, wakatupa rufaa, akapigwa eko, ile picha ya moyo: valvu moja, kilango cha kupitisha damu moyoni, inavuja kidogo. Wakasema ni homa ya baridi yabisi, chanzo chake madonda ya koo. Tangu hapo anachomwa penisilini, ile nzito nyeupe, kila wiki nne.

Sasa mtoto anacheza rede mpaka giza, hakohoi, hachoki. Ikifika siku ya sindano nyumba nzima tunalia, na siku mbili anachechemea. Zahanati ya jirani wanakataa kumchoma, wanaogopa atazimia mikononi mwao. Napanda bodaboda hadi mjini, na siku hiyo genge halifunguliwi. Mama mkwe anasema tumkate kimeo yaishe. Januari, Mungu akijalia, huenda akapangiwa bweni. Nimechoka, sitanii. Nikiacha miezi mitatu tu nione?

Kisu_cha_Bibi
Kimeo kikikatwa na anayejua, madonda ya koo hayarudi. Sisi wote tumekatwa na tupo. Hospitali siku hizi biashara.

FundiCherehani
Mkuu hapo juu, mimi nilikatwa kimeo nikiwa na miaka sita. Leo kifuani nina valvu ya chuma.

Dada, hilo goti lililohamia kwenye kiwiko nalijua, lilikuwa langu. Nilianza sindano darasa la sita. Mama aliandika tarehe kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko, sikukosa hata moja. Kidato cha tatu nikahamia bweni. Kutoka nje ni mpaka ruhusa, na mwalimu wa zamu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Unaumwa nini wewe, mbona mpira unacheza?" Sikuwa na jibu, maana kweli nilikuwa winga. Nikaruka mwezi mmoja, sikusikia kitu. Nikaruka wa pili. Ubaya wake ndio huo, ukiacha hakuna kinachouma. Koo liliniwasha mara mbili tatu, nikasukutua maji ya chumvi, basi.

Nikiwa na miaka 23 nikaanza kukohoa usiku. Nikatibiwa nimonia, nikatibiwa pumu, nikapimwa kifua kikuu mara mbili, hakuna. Nalala nimeegemea mito mitatu. Nikikanyaga cherehani dakika kumi pumzi inakata, na jioni viatu haviingii. Kuja kupigwa eko, valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto imekakamaa, haifunguki. Mwaka 2018 nikapasuliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Nashukuru sana, nisingekuwepo.

Lakini sindano sijazikwepa, bado nachomwa. Juu yake nameza warfarini kila jioni ili damu isigande kwenye chuma. INR yangu, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka naogopa kiharusi. Ikipanda, mkasi ukinigusa kidole tu kitambaa cha mteja kimeharibika. Mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kisamvu sijakatazwa, ila nile kwa kipimo kilekile wiki zote, siyo leo sufuria nzima kisha mwezi mkavu. Mwaka juzi mgongo uliniuma, nikanunua diklofenaki dukani bila kusema ninatumia nini. Nilitapika damu. Na usiku kukiwa kimya mke wangu anausikia moyo wangu, tik, tik, kama saa ya ukutani. Kuna siku namkuta anahesabu.

NesiMstaafu_Dodoma
Mwanangu Fundi, pole sana. Ahsante kwa kusema wazi.

Mama Zuu, kimeo hakihusiki kabisa. Kinacholeta ni bakteria wa kooni anayeitwa streptokoki. Mwili ukipigana naye unakosea, unaumiza na valvu zake wenyewe, na kila akirudi kidonda kinaongezeka. Ile dawa nzito inakaa kwenye msuli na kutoka kidogo kidogo, ikifika wiki ya nne inaelekea kwisha. Kwa hiyo hiyo miezi mitatu ya "nione" hutaona chochote, na mlango utakuwa wazi.

Uganda kaskazini walifuatilia watoto 818 wenye dalili za mwanzo, zile zinazoonekana kwenye eko tu. Nusu walichomwa kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalitoka 2021: waliochomwa, watoto 3 valvu zilizidi kuharibika, wasiochomwa, 33. Nilipowasomea wajukuu walinyamaza.

Kuhusu maumivu: chupa ishikwe kiganjani kwanza ipoteze ubaridi, dawa isukumwe polepole dakika mbili tatu, na mwulize daktari kama inaweza kuchanganywa na lignokeini ya ganzi. Tuliokuwa tunasukuma haraka ili foleni iishe tuliwatesa watoto bure. Nami nilikuwa mmoja wao.

Hao wa zahanati, wapelekee maelezo ya daktari kwa maandishi. Mzio mkali ni nadra, wawe na adrenalini karibu na mtoto akae nusu saa kabla ya kuondoka. Ila mwenye valvu iliyobana sana au moyo uliochoka asichomwe kabla daktari wa moyo hajaamua, baadhi yao hupewa vidonge. Wako anavuja kidogo, lakini uliza.

Mwisho wa sindano atausema daktari kwa eko. Asiyebaki na athari ni miaka 10 au hadi afike 21, kile kirefu zaidi. Anayebaki nayo huenda mbali kuliko hapo.

MamaZuu_Ifakara
Nimemsomea mama mkwe yote. Kanyamaza, kisha akauliza kama huyo fundi ana watoto. Fundi, ile ruhusa ya shule nifanyeje isije ikawa yaleyale?

FundiCherehani
Mwambie wawili, na koo likiwauma tu nawakimbiza hospitali. Barua aiandike daktari sasa hivi, usingoje Januari. Moja kwa mkuu wa shule, moja kwa matroni, moja kituo cha afya kilicho karibu na shule. Na chaki mpe binti mwenyewe, tarehe aanze kuandika yeye.