Msaada wakuu: Hiace yangu ya kulala safarini, nitoe 195/80R15 niweke 215/65R16?

Mtu_wa_Safari: Wakuu habari za jioni. Nina Hiace ya 2008, nimetoa siti zote za nyuma nimeweka kitanda, kabati na jiko la gesi, Mungu akipenda mwezi ujao naenda na wife na watoto wawili Iringa mpaka Ruaha, tunalala humohumo. Tairi ilizokuja nazo ni 195/80R15, zimeisha zina vipara kabisa. Nimeona Gerezani rimu za inchi 16, nati sita kama zangu, zina tairi 215/65R16. Je zitakwaruza madigadi? Na mita ya spidi itadanganya? Naogopa tochi za trafiki njiani. Naombeni ushauri.

Mwamba_Tabata: Watoto walale kwenye gari na mtungi wa gesi ndani? Kaka, Iringa mjini gesti zimejaa, lipa ulale ukiwa umenyoosha miguu. Siku hizi watu wanaiga mambo ya wazungu.

Mzee_Spana: Nimekupigia hesabu. Ya zamani kimo chake ni kama sm 69.3, hiyo nyingine 68.6, tofauti haifiki hata sentimita moja. Mita na tochi achana navyo. Mbele ya hiyo 215/65R16 pameandikwa namba gani? Za kiwandani ni 107/105 LT, tairi ya mzigo hiyo.

Mtu_wa_Safari: Namba sijaangalia mkuu. Ila ni pana kuliko za zamani na gari limekaa vizuri sana.

Mama_Kihesa: Mi tairi ilitupasukia karibu na Ruaha Mbuyuni, Hiace ya mjomba, tumetoka Moro tumejaza magunia. Jua la saa nane, mibuyu haina hata jani, spea nayo haina upepo. Tulikaa hapo mpaka jioni tukauziwa vitunguu tukanunua tu kwa sababu hatuna la kufanya. Na ashukuriwe Mungu ilikuwa kabla ya mlima Kitonga.

Mzee_Spana: @Mtu_wa_Safari umesema "limekaa vizuri". Limekaa lini wakati bado unauliza?

Mtu_wa_Safari: Sawa mkuu, nimeshazifunga Jumamosi. Nimelipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi. Lakini fundi aliyefunga ana uzoefu na alisema hata watu wa Noah wanafunga hizo. Nimetoka kuangalia na tochi ya simu, ni 98H.

Mzee_Spana: 98 ni kilo 750 kwa tairi moja, 107 ni kilo 975. Yaani ekseli ya nyuma umeishusha kutoka 1,950 hadi 1,500. Noah habebi unachobeba wewe. Huko nyuma umeweka nini kingine?

Mtu_wa_Safari: Kitanda ni mbao nyepesi. Kuna betri mbili za sola. Na tangi la maji lita 200, liko nyuma kabisa karibu na mlango. Sikulitaja kwa sababu nilidhani swali ni saizi. Na maji yanapungua njiani jamani, si kwamba linakuwa limejaa muda wote.

Chuma_Kizito: Hii chai. Mtu ana tangi la lita 200, kaenda Gerezani, kafunga, halafu ndo anakuja kuuliza? Weka picha la sivyo tunafunga uzi.

Mwamba_Tabata: Hahaa chai ya rangi hii, haina hata tangawizi.

Mtu_wa_Safari: Jamani si chai. Jumapili nimejaza tangi nikaenda Chalinze kujaribu, nilivyosimama pale nikashika tairi ya nyuma kulia, kiganja hakikai kwa moto. Ubavu umetoka nje kama shavu la mtu anayepiga tarumbeta, maandishi ya chini yamelalia lami. Wife alinusa mpira nikamwambia ni breki. Ndo maana nimekuja hapa, sina raha toka siku hiyo.

Chuma_Kizito: Basi samahani mkuu, hilo la kunusa mtu hatungi. Soma DOT ubavuni mwa tairi, tarakimu nne za mwisho ndo tarehe ya kutengenezwa.

Mtu_wa_Safari: 3216.

Chuma_Kizito: Wiki ya 32 mwaka 2016. Amekuuzia mtumba.

Mzee_Spana: Rimu baki nazo kama hazigusi kalipa za breki. Tafuta tairi saizi hiyohiyo lakini yenye C mwishoni, yaani ya mzigo, 215/65R16C 109/107, hiyo ni kilo 1,030 moja. Tangi lihamishie mbele ya ekseli. Hizo 98 usizijaze upepo wa tairi ya mzigo ukidhani ndo dawa, kwanza ni kuukuu.

Mtu_wa_Safari: Muuzaji ataninyima hela yangu.

Mama_Kihesa: Hujamaliza kumlipa, bado una nguvu ya kuongea. Nenda na gari lenyewe akaone huo ubavu.

Mwamba_Tabata: Hizo 98 akikataa niuzie mimi, nina RAV4.

Mzee_Spana: Za 2016? Usimuuzie, hata akikubembeleza.

Mtu_wa_Safari: Nimewaelewa. Naenda kufungua bomba la tangi sasa hivi maji yatoke, gari limelala nayo toka Jumapili.