Penisilini ya kila wiki nne inaganda kwenye sindano, shida ni nini?

mama_wa_watatu
Habari wadau. Mtoto ana miaka 12, kilo 34. Valvu ya moyo imeathirika kidogo baada ya homa ya baridi yabisi, na kadi inasema benzathini penisilini yuniti milioni 1.2 kila wiki nne. Zahanati ina vichupa vya milioni 2.4 tu. Dawa inaganda njiani, anachomwa upya. Dawa ni mbovu, au inachanganywa vibaya? Na kwa kuwa anaonekana mzima, akiruka mwezi kuna shida?

NesiWaZamu
Pole dada. Mara nyingi dawa ni nzima. Benzathini haiyeyuki, ni chembechembe zinazoelea kwenye maji. Ndiyo maana inakaa mwilini wiki kadhaa, na ndiyo maana inaziba.

Ichanganywe mwisho kabisa, mtoto ameshalala ubavu na ngozi imeshasafishwa. Maji ya sindano yawe kiasi kilichoandikwa na kiwanda. Kuna wanaopunguza ili dawa iwe kidogo, matokeo yake inakuwa nzito na kuganda. Tikisa mpaka chini pasiwe na bonge. Halafu hapa ndipo wengi wanapokosea: unga nao unaongeza ujazo. Milioni 1.2 ni nusu ya mchanganyiko wote, si nusu ya maji uliyotia. Ukitia mililita 8 ukavuta 4, mtoto kapata pungufu. Nusu inayobaki haiwekwi kwa ajili ya mwezi ujao.

Ukishavuta, badilisha sindano, weka mpya namba 21, ile ya kijani. Nyembamba zaidi ya hapo ni kutafuta lawama. Choma papo hapo, vuta nyuma kuhakikisha hujaingia kwenye mshipa wa damu, kisha sukuma taratibu dakika 2 hadi 3 bila kusimama. Ukisimama katikati, chembe zinatulia na kuziba.

Maumivu: bonyeza pale kwa kidole gumba sekunde 10 kabla ya kuchoma. Lignokeini (dawa ya ganzi) ya 1% isiyo na adrenalini inaweza kuchanganyiwa humo, ila daktari aidhinishe. Baadaye asiondoke kwa nusu saa, na adrenalini iwe chumbani, kwa ajili ya mzio mkali.

Dkt_Pwani
Kuruka, hapana. Kufikia wiki ya nne dawa imeshapungua sana kwenye damu. Bakteria wa koo akirudi, homa ya baridi yabisi inaweza kurudi naye, na kila shambulio linaacha kovu jipya kwenye valvu. Ni mzima kwa sababu anachomwa.

Hesabuni siku 28, msifuate tarehe ileile ya kila mwezi. Kwa mwaka ni sindano 13. Kwa valvu iliyoathirika kidogo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2004 unasema miaka 10 tangu shambulio la mwisho au mpaka afikishe miaka 25, lolote litakalochelewa.

kikundi_moyo
Tunaomba kudandia uzi. Tunachangisha kwa ajili ya Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba, tupime wanafunzi ugonjwa huu wa moyo kwa stethoskopu (kile cha kusikilizia moyo). Inafaa?

Dkt_Pwani
Kwa stethoskopu mtawakosa wengi wa hatua za mwanzo. Utafiti wa Gulu, Uganda, uliotangazwa 2021, ulipata watoto wake kwa ultrasaundi ya moyo. Walikuwa 818, wote na ugonjwa fiche, yaani usioonyesha dalili. Baada ya miaka miwili ugonjwa uliendelea kwa 0.8% ya waliochomwa penisilini kila wiki nne, dhidi ya 8.2% ya wasiochomwa.

Lakini msipime kabla ya kuwa na uhakika wa dawa ya miaka. Kumwambia mzazi mtoto ana ugonjwa wa moyo halafu zahanati haina kitu ni ukatili. Anzeni na walio tayari kwenye kadi: sindano namba 21, maji ya sindano, nauli, na daftari la kufuatilia nani amepitiliza siku 28. Atakayekutwa na valvu iliyobana sana au moyo uliochoka, msimchome hapo kambini. Chama cha Moyo cha Marekani kilitahadharisha 2022 kwamba hao wanaweza kuzimia na kufa mara baada ya sindano bila mzio wowote. Kwao vidonge ndivyo vinavyopendekezwa, na uamuzi ni wa daktari wa moyo.