Mama anataka tuache kumsafisha damu. Tukimsikiliza, tumemtii au tumemuua?

Fundi wa Korogwe

Ndugu zangu, naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili nyumbani siwezi kulisema kwa sauti.

Mama yangu ana miaka 69. Ni mkulima wa Bumbuli, kule milimani Usambara, hajawahi kupokea mshahara maisha yake yote. Presha alikuwa nayo miaka mingi. Dawa zikipatikana anakunywa, zisipopatikana anachemsha majani. Mwaka jana mwezi wa nane alianza kuvimba miguu, halafu uso. Tukamshusha Tanga mjini kwa dada yangu. Vipimo vikaonyesha figo zote mbili hazifanyi kazi tena. Tangu hapo anasafishwa damu kwa mashine, kila mara kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki.

Kila mara moja ni laki na themanini. Pigeni hesabu: 540,000 kwa wiki, zaidi ya milioni mbili kwa mwezi, hapo bado sindano za kuongeza damu na nauli. Mwezi wa kwanza ulichanga ukoo mzima. Mwezi wa pili tukauza ng'ombe wawili. Ilipofika mwezi wa nne, kundi la mchango la WhatsApp lilikuwa na watu sitini, wanaotuma ni watatu. Mimi ni fundi cherehani, nimeuza ile ya kudarizi. Mwezi huu tumempunguzia mama ikawa mara mbili kwa wiki, na usiku analala amekaa kitako kwa sababu akijinyoosha pumzi zinakata.

Kilichobaki ni shamba. Ekari mbili, zinamlisha mdogo wetu wa kiume, mkewe na watoto wanne. Mnunuzi ametaja milioni kumi na nne. Hiyo ni kama miezi sita.

Jumapili mama alituita mimi na dada. Akasema, "Nimechoka na mashine. Nirudisheni Bumbuli nikalale kwangu. Shamba msiliguse." Hakulia. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Kaka yetu mkubwa ni dereva huko Muscat. Alipopata habari alisema kwa simu kwamba tukimrudisha mama tumemuua kwa mikono yetu, na hatatusamehe. Fedha ametuma mara mbili tangu Desemba. Najua naye ana mizigo yake huko, lakini neno hilo, "mmemuua", linanifuata mpaka kwenye cherehani.

Na kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Kiti cha pembeni ya mama anakaa bibi mmoja, umri ule ule, ugonjwa ule ule. Mwanawe ni mwalimu, na bima ya mwanawe ndiyo inayomhudumia. Wamekuwa mashoga, wanakunywa chai ya chupa moja. Yule bibi hajawahi kuulizwa kama anataka kuendelea. Nani amuulize? Anakuja, anasafishwa, anaondoka. Mama yangu ndiye anayetakiwa kuwa na msimamo juu ya kifo chake kila mwisho wa mwezi.

Swali langu ni hili. Mtu mzima, akili timamu, akisema basi, kumtii ni kumuua? Na mtu anayejua kwamba wanawe watauza shamba kwa ajili yake, kauli yake ni yake kweli?

Kibarua wa Mombo

Pole sana dada. Msiuze shamba. Sisi tuliuza nyumba kwa ajili ya baba, akaishi miezi mitano. Leo tumepanga chumba, na ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya nyumba ile ile. Nilimpenda baba yangu, nisieleweke vibaya. Naye angejua ingekuwa hivi asingekubali.

Mama Wawili

Kaka hapo juu, pole, lakini naomba nitofautiane nawe.

Mume wangu yuko kwenye mashine mwaka wa sita sasa, hapa Dar. Siku ambazo hasafishwi anafungua duka lake la vifaa vya umeme kama kawaida. Bima ni ya kazi yangu. Kwa hiyo dada usikubali mtu akwambie kwamba mashine ni njia ya kaburini tu.

Nimeshtuka uliposema mmepunguza ikawa mara mbili. Kipindi fulani mume wangu alikosa wiki nzima, akawa mtu mwingine: kichefuchefu, mwili kuwasha, hataki kula wala kusema, anasema bora afe. Aliporudishiwa ratiba yake alisahau kabisa kwamba aliyasema. Uchovu wa mama unaweza kuwa wa damu chafu na maji yaliyojaa mwilini. Msiuchukue kama wosia kabla hamjamuuliza daktari.

Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na nilifurahi kwa moyo wote, maana najua mume wangu yu hai kwa sababu ya kazi yangu. Lakini mama anaumwa leo.

Nesi Mstaafu

Binti yangu, nimefanya kazi ya tiba shufaa miaka mingi, yaani kuwahudumia watu ambao ugonjwa wao hauponi. Nitasema niliyoyaona.

Kumpa mtu kitu ili afe, au kumsaidia ajiue, ni kosa la jinai hapa kwetu. Mgonjwa mwenye akili timamu kukataa mashine ni jambo tofauti. Ugonjwa ndio unaomchukua. Kaka yako anachanganya mambo haya mawili, na wengi huyachanganya kwa uchungu.

Lakini msimpandishe Bumbuli mikono mitupu. Mashine ikisimama, wengi hawavuki wiki mbili. Anayekojoa bado anaweza kwenda mbele zaidi. Siku hizo zinaweza kuwa za kusinzia kwa utulivu, na zinaweza kuwa za mtu kuzama katika maji ya mapafu yake mwenyewe huku watoto wanamtazama. Nimeona zote mbili. Tofauti ilikuwa kama kuna mtu aliyepanga mapema: dawa ya pumzi, ya kichefuchefu, ya kuwasha, na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Mofini kwa mtu wa figo inataka mjuzi, kwa sababu haitoki mwilini upesi. Dozi huwa ndogo na kwa nafasi kubwa. Usikubali mtu akupe chupa bila kukueleza hilo.

Umesema habari ya viti viwili, mwenye bima na asiye nayo. Mimi nakuongezea: wapo wasiopata hata dawa ya maumivu. Mwaka 2017 tume ya jarida la tiba la Lancet ilionyesha kwamba nusu ya watu wa dunia, ile maskini zaidi, inapata asilimia 1 tu ya mofini inayosambazwa. Na mofini ya maji ni ya bei ndogo! Nilijifunzia Kampala, ambako hospisi, yaani huduma ya wagonjwa wasiopona, ilianza mwaka 1993 na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa na sheria kumwandikia mgonjwa mofini. Mgonjwa wa kijijini anapelekewa nyumbani.

Muheza ipo huduma ya tiba shufaa, na mko karibu. Nendeni sasa, hata kama mtaendelea na mashine. Si huduma ya kungojea siku ya mwisho.

Abuu wa Mombasa

Assalaam aleikum. Mimi si shekhe, nasema nilichosomeshwa. Wanazuoni wengi hawakuifanya tiba kuwa faradhi pale ambapo kupona hakuna uhakika. Sahaba Ibn Abbas amepokea habari ya mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kuomba dua. Akamwambia akitaka asubiri na atapata Pepo, au akitaka amwombee apone. Yule bibi akachagua subira, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka. Hakuna aliyesema kwamba amejiua.

Kwa hiyo neno la ndugu yako ni zito mno, afadhali alirudishe.

Lakini jambo moja nimelitafakari tangu nikusome. Mwanamke yule aliwekewa mawili mbele yake, akachagua. Mama yako, naona, amewekewa moja.

Mlezi wa Wazee

Abuu amenigusa, nami nianzie hapo. Niko Rotterdam mwaka wa kumi na moja, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia. Watu wa nyumbani hudhani huku wazee wanadungwa sindano ovyo. Kweli, Uholanzi ina sheria tangu 2002 inayomruhusu daktari, kwa masharti, kuyakatisha maisha ya mgonjwa aliyeomba mwenyewe na anayeteseka bila tumaini la nafuu. Lakini kuacha mashine ya figo hakuhesabiwi humo kabisa. Ni haki ya mgonjwa yeyote.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha aliacha mashine akiwa na miaka 83. Daktari alikuja mara tatu kumuuliza. Ana maumivu? Ana huzuni? Anahofia kuwasumbua watoto? Fedha haikutajwa hata mara moja, kwa sababu bima ni lazima kwa kila mkazi na ile ya msingi inalipia mashine. Nilimwona mtu anachagua.

Dada, muulize mama swali moja, mkiwa wawili tu: kama ingekuwa bure, ungefanyaje?

Fundi wa Korogwe

Nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nne.

Nilimuuliza juzi usiku nikimkanda miguu. Alinyamaza hata nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ningekwenda. Ile mashine hainitesi mnavyofikiri, na yule mwenzangu ananichekesha. Kinachoniuma ni kuwasikia mkihesabu."

Tumekuwa tukihesabu sebuleni kwa dada, na ukuta wa chumba cha mama haufiki darini.

Nililia kuliko siku ya vipimo. Nikamrekodia kaka maneno hayo kwa sauti yangu, neno kwa neno. Siku nzima hakujibu. Jana asubuhi akatuma 1,620,000, yaani wiki tatu kamili, mara tatu tatu. Neno la kuua hakulirudia. Mnunuzi nimemwambia asubiri. Mdogo wetu anasema ikibidi tukate robo ekari ya upande wa barabara, zaidi ya hapo hapana, na nimeona ana haki.

Kibarua, nimekusoma mara nyingi. Sijui kama tutaishia ulipoishia wewe.

Mama ametoa sharti: siku fedha zikiisha tusimfiche, na apandishwe Bumbuli angali anatambua watu. Nimekubali. Nesi, nimekutumia ujumbe, nielekeze Muheza nianzie kwa nani.

Jumatano anarudi kwenye kiti. Yule bibi alinipigia kuuliza mbona mwenzake hakuonekana Ijumaa. Nilimwambia tulikosa usafiri.