Malipo ya vitabu vya kidijitali kwenye hesabu ya chuo

Kutoka: mama mmoja wa Kadutu, Bukavu

Ndugu zetu mlioko ng'ambo, ninawasalimu nyote. Kijana wetu alianza masomo katika chuo kimoja huko Iowa, Marekani, kwa viza ya mwanafunzi, na sisi wa nyumbani, pamoja na wajomba zake walioko Goma, ndio tunaochangishana ili kumlipia. Minervali, yaani ada ya masomo, tuliijua tangu mwanzo, na kodi ya chumba tuliijua. Safari hii ametutumia picha ya hesabu ya chuo yenye mstari mwingine wa karibu dola 300 unaosema ni wa vitabu, na tulipomwomba atuonyeshe vitabu hivyo alijibu kwamba havishikiki, viko ndani ya kompyuta, na kwamba hakuviagiza yeye. Baba yake anaona kuna jambo linafichwa. Mimi sitaki kumhukumu mtoto aliye mbali. Naomba anayejua taratibu za kule atuambie kama malipo ya namna hii yapo kweli, na kama mtu anaweza kuyakataa bila kufukuzwa darasani.

Kutoka: ndugu wa Bagira, anayeishi Louisville, Kentucky

Mama, pokea salamu zangu, na unisalimie Baba. Mtoto wenu hakudanganya. Malipo hayo yapo katika vyuo vingi vya Marekani, na yanaweza kuandikwa kwenye hesabu ya mwanafunzi bila yeye kuagiza chochote, kwa sababu kanuni ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliyoanza kutumika Julai 2016 inaruhusu chuo kuunganisha bei ya vitabu na ada ya masomo. Kanuni hiyohiyo inakibana chuo kwa masharti: bei iwe chini ya ile ya soko, mwanafunzi aweze kuvipata vitabu kufikia siku ya saba ya kipindi cha malipo (kwa kawaida ni muhula), na iwepo njia ya kujitoa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowahusu ninyi. Asiyejitoa anahesabiwa kuwa amekubali. Mwaka 2024 wizara ilipendekeza utaratibu ugeuzwe, yaani mwanafunzi akubali kwanza ndipo atozwe, lakini pendekezo hilo halikufika kuwa kanuni. Mimi naona lilikuwa la haki, maana wanaoumia zaidi ni hawa watoto wetu, ambao katika wiki za kwanza hupokea barua pepe nyingi za chuo kwa Kiingereza ambacho bado wanajifunza, na ile inayoeleza namna ya kujitoa imo humo katikati.

Aanze kwa kusoma jina lililoandikwa kwenye mstari ule. Vyuo vingine huandika Inclusive Access, vingine First Day au Day One Access, na vingine hutunga jina lao wenyewe. Kwa jina hilo ataupata ukurasa wa chuo wenye tarehe ya mwisho ya kujitoa, ambayo kila chuo hujipangia, na ambayo mara nyingi huwa karibu na mwisho wa muda wa kubadilisha masomo. Ikipita, pesa hairudi.

Hata hivyo asijitoe kwa hasira, na hapa naomba msisome haraka. Kuna kitabu cha kusoma tu, na kuna msimbo wa kufungulia mazoezi. Kitabu cha kusoma tu kinaweza kupatikana kwingine. Msimbo ni jambo jingine: mwalimu huweka kazi za nyumbani na majaribio ndani ya programu ya mchapishaji, kama MyLab ya Pearson, Connect ya McGraw Hill au WebAssign ya Cengage, na maksi hutoka humo. Anayejitoa bila kujua hilo hupoteza maksi hata kama amekisoma kitabu chote kwenye maktaba, na hawezi kuazima msimbo wa mwenzake kwa sababu ukishatumika mara moja umekwisha. Tena kitu kisichopatikana mahali pengine popote, kanuni inakiruhusu chuo kukitoza bila kutoa njia ya kujitoa. Ndiyo maana kila somo lichunguzwe peke yake. Kijana amwandikie mwalimu amuulize kama kuna kazi yenye maksi ndani ya programu, na kama toleo la zamani la kitabu linakubalika. Kule kumuuliza mwalimu swali la namna hiyo si utovu wa adabu, na walimu wengi hujibu.

Mkishajua kwamba ni kitabu cha kusoma tu, njia zipo. Sheria ya mwaka 2008 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuonyesha kwenye ratiba ya masomo namba ya ISBN, ile inayotambulisha kila kitabu, na bei ya kila kitabu kinachotakiwa, kwa hiyo anaweza kulinganisha bei kabla hata ya kujiandikisha. Maktaba huweka nakala za kusomea palepale kwa saa chache. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, kupitia mradi wake wa OpenStax, hutoa tangu 2012 vitabu vya bure vya biolojia, fizikia, kemia, takwimu, uchumi na saikolojia, na mwalimu anayevitumia hana sababu ya kumtoza mtu kitu.

Baba anauliza vitabu viko wapi, na swali lake ni la maana. Sisi tuliosoma Bukavu tunaijua silabusi ya profesa, yaani maandishi ya somo lake yaliyochapwa, ambayo mwanafunzi huinunua kwa kuogopa kukosekana kwenye orodha ya walionunua. Lakini silabusi ile hubaki nyumbani, mdogo wake huirithi, na jirani huitoa fotokopi. Hapa mnalipia ruhusa ya kusoma kwa muda, mara nyingi muhula mmoja tu, kisha inafungwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyeshtakiwa na mchapishaji Wiley, iliamua kwamba aliyenunua kitabu kihalali, hata kama kilichapishwa nje ya Marekani, ana haki ya kukiuza tena. Ruhusa ya kidijitali haiuzwi tena wala hairithishwi.

Najua pia kwamba tangu benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025 pesa kutoka Bukavu na Goma imekuwa ikipita njia ndefu. Programu nyingi za wachapishaji humpa mwanafunzi wiki mbili za kuanza kazi kabla ya kulipa. Kama msimbo ni wa lazima na mchango haujakamilika, aombe muda huo siku ya kwanza ya darasa ili kazi zake zisichelewe.

Kutoka: mzazi wa Himbi, Goma

Ndugu yangu wa Bagira, asante kwa maelezo. Binti yangu alihamia California na shangazi yake kama mkimbizi. Chuo chake hutoza kila mwanafunzi kiasi kimoja cha vitabu, awe na masomo gani, na yeye husema tusijali kwa sababu serikali ndiyo inayolipa. Je, tunyamaze?

Kutoka: ndugu wa Bagira

Msinyamaze. Mkimbizi anaweza kupata msaada wa serikali kuu ya Marekani uitwao Pell, ambao haurudishwi, tofauti na kijana wa viza ya mwanafunzi, ambaye hana haki nao. Lakini msaada huo ni fungu lenye kikomo. Chuo hukata kwanza malipo yaliyoandikwa kwenye hesabu, na kinachobaki humrudishia mwanafunzi ndani ya siku 14, kwa hiyo kila dola ya vitabu asivyovihitaji inapungua kwenye nauli na chakula chake. Kama ameongeza mkopo, analipa na riba.

Utaratibu wa kiasi kimoja kwa wote ulianza mwaka 2020 katika Chuo Kikuu cha California, Davis, na vyuo vingine vinautumia. Humfaa anayesoma masomo yenye vitabu ghali, kama uuguzi au kemia. Kwa kawaida, anayejitoa hujitoa kwa masomo yote pamoja. Basi binti ajumlishe bei za vitabu vyake vyote vya muhula huo, pamoja na misimbo, ailinganishe jumla na kiasi kile, na arudie hesabu hiyo kila muhula kwa sababu masomo hubadilika. Akijitoa, apige picha ya ukurasa unaothibitisha, kisha baada ya siku chache afungue tena hesabu ya chuo aone kama ule mstari umeondolewa. Kama bado upo, aende ofisi ya hesabu za wanafunzi na picha hiyo kabla ya tarehe ya mwisho kupita.