Naombeni ushauri: kufunga winchi ya umeme ya nanga kwenye boti ya futi 23

nahodha_mdogo: Wakuu habari za jioni. Nina boti ya faiba futi 23, ina kibanda, natoka nayo Kunduchi kupeleka wageni Mbudya. Kuvuta nanga kwa mkono kumenishinda, kiuno kimekwisha na dogo niliyekuwa naye kakimbilia bodaboda. Nataka nifunge winchi pale omo, mbele ya boti. Betri iko tezi, huku nyuma, N70 moja ya volti 12. Waya wa saizi gani unafaa? Ni haraka kidogo, Jumamosi nina kundi.

Fundi Faiba: Waya baadaye. Chini ya deki umeweka nini? Faiba tupu itachanika, kaza na plaiwudi nene kwa ndani. Halafu winchi ni wati ngapi? Wati 1000 kwa volti 12 ni ampia 83, na waya unaenda na kurudi, kwa boti yako ni kama mita 14, usishuke chini ya skwea 35, yaani milimita za mraba 35. Breka ya kukata umeme iwe karibu na betri.

mama_samaki: Pole kaka. Babu yangu kavuta nanga ya jahazi mpaka uzeeni na panadol hajui rangi yake. Chipsi hizo.

Mzee wa Tezi: Mnyororo wa milimita 8 mita moja ni kama kilo 1.4, mita kumi na nanga yenyewe ya kilo 10 unapata kilo 24, si mzigo wa kuua mtu. Winchi haivuti boti, mashine inawaka unaifuata nanga taratibu, winchi inanyanyua tu, na ukishatia nanga kamba ifungwe kwenye kigingi, isilale kwenye winchi usiku kucha. Sasa, yako ina gurudumu la kushika mnyororo wa saizi ipi?

nahodha_mdogo: Mkuu winchi ni nzima kabisa, mota ina nguvu balaa.

Mzee wa Tezi: Nimeuliza gurudumu. Tupia picha.

nahodha_mdogo: Ok. Ni ya Land Cruiser. Nimeiokota Gerezani bei ya kutupa, ina ngoma na waya wa chuma. Ila mota ni mota jamani, volti 12 ni zilezile. Na matundu manne nishatoboa jana kwa hiyo habari ya kurudisha msinipe.

Fundi Faiba: 😂😂 Hiyo ikibanwa inakula ampia 300 na ushee, N70 yako utazika. Mnyororo hauzunguki kwenye ngoma ile ukakaa, na waya wa chuma kwenye chumvi unajua mwenyewe.

kijiwe_cha_saba: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye mwezi uliopita alikuwa anaulizia chanjo za broila Dodoma? Leo nahodha wa Kunduchi. Stori ya kutunga hii, au boti iko bwawani Mtera?

mama_samaki: Weeee! Nilihisi mimi.

nahodha_mdogo: Kuku walikufa wote bana. Boti ya shemeji, yuko Maskati, kaniachia niitafutie riziki.

kijiwe_cha_saba: Na matundu anayajua?

Mzee wa Tezi: Dogo, hayo matundu yazibe leo, maji yakiingia kwenye mbao za ndani ya deki utakuja kuuza boti kwa kilo. Jumamosi nitakutafutia kijana wa kuvuta.

nahodha_mdogo: Shukrani mzee. Wakuu, jelikoti nyeupe, ile ya kupaka juu ya faiba, hapa Dar inapatikana wapi? Ni haraka kidogo.