Kipimo cha nguvu za seli ni cha kweli au nipime sukari tu?

Kijana wa Moro: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Huu mwaka nachoka sana, naamka mwili mzito, nikila ugali mchana macho yanafunga yenyewe, na kitambi ndo kinazidi. Kuna kliniki wanasema watanipima kama mitokondria zangu, yaani vile viwanda vya nguvu ndani ya seli, zinazalisha nguvu vizuri ila bei yake balaa. Kipo kweli hicho kitu? Mama yangu ana kisukari.

Wa Maabara: Mkuu kupimwa zinapimwa, ila ni kwa mtu mwenye dalili nzito, misuli inalegea, kope zinaanguka, degedege, huyo ndo anapimwa lakteti (kemikali inayopanda seli zikishindwa kuzalisha nguvu vizuri) kwenye damu, vinasaba, na saa nyingine anakatwa kinyama kidogo cha msuli kikaangaliwe kwenye hadubini. Na lakteti yenyewe ina masharti, ukimfunga mtu mpira mkononi ukauacha muda mrefu huku kakunja ngumi inapanda bure, damu iingie chupa ya kifuniko cha kijivu, iwekwe kwenye barafu, ikimbizwe. Sasa mtu akutoe tone la kidole akuandikie asilimia za nguvu za seli, hapo tunza hela yako. Anza na sukari ya asubuhi hujala masaa 8, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 mpaka 3), wingi wa damu, tezi ya thairoidi, figo na mafuta. Sukari hiyo ya asubuhi 7.0 mmol/L kwenda juu au HbA1c asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, ila wanarudia kuthibitisha, HbA1c ya 5.7 mpaka 6.4 kinanyemelea. Halafu mama anasikia vizuri? Mitokondria tunarithi kwa mama tu, na kuna kisukari kinachotokana nazo kinakuja pamoja na uziwi.

Mama Wawili: Usisahau sikoseli jamani! HbA1c inasoma sukari iliyoshika kwenye chembe nyekundu, chembe zikifa mapema jibu linakuja chini wakati sukari iko juu, mtu anaambiwa yuko salama kumbe wapi. Na kama unakoroma usiku mwambie daktari, watu wengi wanachoka kwa sababu hiyo tu.

Kijana wa Moro: Mama anasikia vizuri kabisa. Ila mimi ni AS, yaani nimebeba kinasaba kimoja cha sikoseli, na kukoroma wife analalamika kila siku. HbA1c niiache?

Wa Maabara: Usiiache, waulize mashine yao inasomaje damu ya AS. Wasipoeleweka omba ile ya kunywa glukosi gramu 75 wakupime baada ya masaa 2, ikifika 11.1 mmol/L ni kisukari, na hiyo haijali sikoseli.