Gia za baiskeli ya resi: Shimano, SRAM au Campagnolo? Tupeane uzoefu sisi wa visiwani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimepata fremu ya alumini ya baiskeli ya resi, imekuja kwa boti kutoka Dar, inakubali breki za diski, lakini haina gia hata moja. Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri natoka Mwanakwerekwe, napita Tunguu na Jozani mpaka Paje na kurudi, karibu kilomita mia. Fedha niliyonayo ni ya seti moja tu, na nilishakosea mara moja.

Kosa lenyewe ni hili. Baiskeli yangu ya zamani niliitia leva za SRAM, zile za usukani za kubadilishia gia, na deraila ya nyuma ya Shimano, yaani kile kidude kinachoning'inia chini na kuihamisha cheni. Zote za gia kumi, nikasema kumi ni kumi. Nilijiamini kwa sababu hapo kabla nilitia kaseti, yaani yale meno ya gurudumu la nyuma, ya kampuni moja kwenye seti ya nyengine na ikaenda vizuri. Leva sivyo. Kila ukibofya, leva huvuta waya kwa urefu wake, na urefu huo haulingani baina ya makampuni hayo mawili. Wiki tatu nakaza na kulegeza waya. Gia mbili zinakaa, ya tatu inakwama katikati ya meno, cheni inalia njia nzima.

Sasa nachagua baina ya Shimano 105 ya waya, gia 11, na SRAM Rival, nayo ya gia 11. Rafiki yangu ananivutia kwenye Campagnolo. Sihitaji kuambiwa jina lipi ni kubwa. Niambieni mlipanda nini, njia ipi, kipi kiliharibika na kipuri mlikipata wapi.

Wa Chake Chake

Wa aleikum salaam. Yakhe, wewe njia yako ya Paje ni tambarare. Huku Pemba hukai kilomita mbili hujapanda au kushuka. Baiskeli yangu ilikuja na meno 53 na 39 mbele, na nyuma 11 mpaka 25. Mkoani kuja Chake nikishuka na kuisukuma kwa miguu, watoto wa skuli wananipita. Nilidhani kampuni ndiyo mbaya, nikataka kubadilisha seti nzima. Kumbe tatizo ni hesabu ya meno! Mbele yakiwa machache na nyuma mengi, kupanda ni rahisi. Nimetia 50 na 34 mbele, nyuma 11 mpaka 32, Shimano Sora ya gia tisa, na sasa napanda nimekaa kitini. Ila ukitaka 32 nyuma hakikisha deraila ni ile ya mkono mrefu, yaani kile kipande kinachoning'inia kiwe kirefu. Ile 105 ya gia 11 ya mkono mfupi mwisho wake ni 30, ya mkono mrefu inafika 34. Hili liulize kabla ya kulipa, sio baada.

Fundi wa Darajani

Nimewasoma nyote. Mimi nitasema ninayoyaona mezani kwangu.

Kwanza kabisa, chumvi. Baiskeli inayokwenda Paje au Nungwi inarudi na upepo wa bahari umeshaingia kila tundu. Skrubu ya chuma ndani ya alumini ikikaa miaka miwili bila grisi haitoki tena, iwe Shimano ya Japani, SRAM ya Marekani au Campagnolo ya Italia. Ninazifungua kwa moto na dua. Kwa hiyo seti yoyote utakayochukua, niletee fremu tupu kwanza tuipake grisi kila uzi wa skrubu.

Pili ni waya. Waya unakatika nyuzi moja moja ndani ya leva, pale unapopinda, na mwenyewe huoni kitu. Gia ikianza kuwa nzito kushuka, badilisha siku hiyo hiyo. Ukingoja ukatike kabisa, kichwa chake kinabaki ndani na mimi nakaa kutwa nakichokoa kwa sindano.

Cheni pimeni kwa rula: hesabu kutoka pini moja mpaka ya 24 mbele yake. Mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306 na nusu, itoe. Cheni ya shilingi chache ikiachwa inakula kaseti ya bei kubwa.

Na hili la breki za mafuta wengi hawalifikirii. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Za SRAM za barabarani zinatumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari, na DOT 4 utaipata kwenye maduka ya vipuri vya gari hapa hapa mjini. Ya madini lazima uagize. Lakini DOT inanyonya unyevu wa hewa, na masika yetu mnayajua, basi inataka kubadilishwa mara kwa mara. Msizichanganye kabisa, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa.

Mkononi mwangu, vipuri vya Shimano ndivyo vinavyopita zaidi, hata vya mtumba. Huo ndio ukweli wa hapa.

Dada wa Bububu

Fundi amesema kweli, lakini mikono yetu si sawa. Vidole vyangu vifupi. Kwenye Shimano leva ya breki yenyewe inasukumwa kwa upande ili kubadilisha gia, nikawa nachanganya breki na gia, hasa vidole vikiwa vimerowa. SRAM ina kijileva kimoja nyuma: bofya kidogo unapata gia nzito, sukuma zaidi unapata nyepesi. Breki inabaki breki. Nimekwenda nayo mpaka Mkokotoni masika mawili. Kaka, usinunue kabla hujaishika. Njoo Jumapili nyumbani, mume wangu yupo, ushike zote mbili.

Mzee wa Mji Mkongwe

Wanangu, mimi ninayo Campagnolo ya gia kumi, niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Gia moja unabofya kwa dole gumba, inaita *tak*, unajua imeingia. Leva yake inafunguka, spring inabadilishwa, haitupwi. Naipenda sana. Lakini kaseti yake inataka habu yake, yaani kitovu cha gurudumu, yenye mifereji yake, na ilipoisha nilingoja miezi mitano mpaka mtoto wa ndugu yangu alipokuja likizo na mpya ndani ya begi. Kama una baiskeli moja tu, iache.

Wa Kiembesamaki

Nani ametumia zile gia za betri, zisizo na waya? Mimi naogopa. Sijasahau Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima bila umeme.

Dada wa Bububu

Betri moja inakwenda saa nyingi sana barabarani, na sola ndogo inatosha kuichaji. Bei ndiyo inayonizuia, umeme haunizuii.

Mwenye mada

Ahsanteni sana. Nilikwenda Bububu Jumapili, nikazishika zote mbili. Mkono wangu ni mkubwa, 105 imenikaa vizuri, na fundi ni wa mtaa wa pili kutoka kazini kwangu. Naagiza 105, deraila ya mkono mrefu, nyuma 11 mpaka 32, kwa sababu nataka kuja Pemba. Na chupa mbili za mafuta ya madini kabisa. Fundi, fremu naileta Alhamisi baada ya alasiri, grisi nitakuja nayo.